Umekuja Singida Kuokoa Msitu? Soma Hapa Kwanza

Karibu Singida, mgeni. Tulikuona uliposhuka kwenye basi: buti mpya za kupandia mlima, koti la mvua lililokuwa bado na mikunjo ya dukani, na darubini ya kutazamia ndege ikining'inia shingoni. Mkobani umebeba makaratasi yenye picha za misitu ya milimani: ukungu, miti iliyoota kuvu hadi matawini, mbega wakirukaruka, na juu kabisa nyanda zilizojaa maua. Umetumwa, au umejituma, kuja kuhifadhi bioanuwai. Hongera sana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakueleza ataponaje, nasi hatukuulizi leo, umechoka na safari.

Mwongozo huu tumekuandikia wewe na wenzako watakaofuata. Ukiushika hatua kwa hatua utaondoka salama, na huenda hata msitu ukasalimika.

Hatua ya kwanza: usitafute mlima wa kupanda

Kosa la kwanza la mgeni ni kutoka nyumba ya wageni asubuhi na kuanza kuuliza mlima uko wapi. Ndugu, umekwisha panda. Mji wa Singida uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Amani, kule Usambara Mashariki, kwenye msitu wa mlimani unaosifika duniani kote, ni kama mita 900 tu. Ukisimama kando ya Ziwa Singidani unawatazama watu wa Amani kutoka juu kwa mita mia sita, na bado buti zako zimejaa vumbi.

Utajiuliza: imekuwaje aliye chini apewe msitu, na aliye juu apewe mawe? Jiulize kimoyomoyo. Kumuuliza mwenyeji wa Singida swali hilo ni sawa na kumuuliza mbona hana bahari. Jibu ni mvua. Usambara imesimama mbele ya Bahari ya Hindi kama mtu aliyewahi foleni. Upepo wenye unyevu ukifika pale hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, ukipoa hutua mzigo wake, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ukija kufika kwetu ni upepo mtupu. Sisi tunapata milimita 600 au 700, tena zote katika msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni jua na upepo wa kuezua mabati. Mimea iliyokubali kuishi kwa masharti hayo haifanani na ile ya kwenye karatasi zako, na haikuahidi kufanana nayo.

Lile koti la mvua lifungashie mbali. Ukija mwezi wa Agosti, lina faida moja tu: kulalia.

Hatua ya pili: mlima upo, ila ni wa jirani

Siku anga ikiwa safi, toka nje kidogo ya mji utazame kaskazini mashariki. Utaona kitu kikubwa cha bluu kimekaa peke yake kama mzee aliyegombana na ukoo. Huo ni Hanang, volkano iliyolala, mita 3,400 na ushei. Sisi tunauona kila siku, lakini kwa mujibu wa ramani ni wa Mkoa wa Manyara, na kabla ya mwaka 2002 ulikuwa wa Arusha. Kutoka hapa hadi Katesh, mji ulio chini ya mlima huo, ni lami tupu, na haifiki kilomita mia. Kama lazima upande kitu, nenda kapande Hanang.

Mlima huo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo chukua kibali na mwenyeji wa kukuongoza, na ubebe maji ya kukutosha kwenda na kurudi. Njiani utapita mashamba, uingie msituni, kisha utokee juu kwenye nyasi na vichaka vifupi vinavyopigwa na upepo. Hapo makaratasi yako yatafanya kazi hatimaye. Piga picha zote unazotaka.

Ila tunakuomba jambo moja: usieleze kitu. Wageni wengi huja na sababu moja mfukoni, nayo ni ukataji miti, na kila tatizo linalojitokeza hulifungulia kwa ufunguo huohuo. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Hanang vikaingia Katesh na vijiji vilivyo chini ya mlima. Watu zaidi ya 80 walikufa. Kabla matanga hayajaanuliwa walikwisha jitokeza wataalamu wa simu waliojua kwamba wenyeji wamekata miti. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji ikameguka, ikazaa tope lililofuata mkondo wa maji hadi kwa watu. Msitu una kazi nyingi mlimani, hatubishi. Lakini si kila maafa ni ya shoka, na mfiwa hafundishwi mazingira kaburini. Ukipita Katesh, toa pole, kisha nyamaza.

Hatua ya tatu: nyasi si msitu uliofeli mtihani

Mgeni akiona nyasi tupu, mikono humwasha. Anataka kupanda miti. Ataita waandishi wa habari, atapiga picha na mche, atauacha na ng'ombe wenye njaa.

Tafadhali ishike mikono yako. Nyanda za nyasi za juu ni makazi kamili, zina watu wake na wanyama wake. Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, na wenyeji wameipa jina la Bustani ya Mungu. Ukiijaza misonobari umeua okidi kwa nia njema, na okidi haijali nia. Tayari zinamalizwa na wachimbaji wa viazi vyake vinavyouzwa Zambia kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda. Huna haja ya kuwasaidia.

Huku kwetu jirani tuna somo chungu zaidi. Nyanda za Basotu, chini ya Hanang, zilikuwa malisho ya Wabarabaig. Wao hawakuwa wakizurura na ng'ombe kama mgeni anavyodhani. Walihama kwa hesabu ya misimu kutoka kingo za kreta kwenda bondeni, kutoka ziwani kwenda mlimani, na kila sehemu ilipumzishwa ikaota upya. Mahali penye udongo bora kuliko pote walipaita muhajega. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Canada, shirika la umma la NAFCO lililima hapo ngano katika mashamba yaliyokaribia ekari 100,000. Pa kwanza kuchukuliwa pakawa muhajega, kwa kuwa hata trekta hujua udongo mzuri.

Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani iliipa NAFCO ushindi, na mojawapo ya hoja ni kwamba haikuthibitika kuwa wadai wote walikuwa wenyeji kwa maana ya sheria. Isome tena sentensi hiyo, mgeni. Mbarabaig, chini ya Hanang, alitakiwa kuthibitisha uenyeji. Wewe ulithibitisha nini pale stendi?

Na ukisikia Mnyaturu anasema anakwenda mbugani, usikimbilie darubini ukidhani kuna twiga. Huku kwetu mbuga ni bonde la udongo mweusi linalojaa maji masika na kupasuka nyufa kiangazi. Ukiingia na gari mwezi Machi, utakaa huko hadi mwezi Mei.

Hatua ya nne: hazina yetu inaitwa kichaka

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kwa Kiswahili chetu uoto una vyeo. Juu kabisa ni hifadhi: ina lango, ina risiti. Chini yake ni msitu, wenye heshima na wimbo wa shule. Kisha pori, ambalo hata serikali ikilithamini hulipa cheo cha nusu mshahara, kama Pori la Akiba Rungwa. Mwisho kabisa ni kichaka. Kichaka ni pa kujificha mwizi na pa kujisaidia msafiri basi likisimama. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuandika insha ya kusifu kichaka.

Panda basi au treni ya Reli ya Kati uelekee Itigi, wilayani Manyoni. Kuanzia karibu na Manyoni utaona pande zote ukuta wa vijiti vya kijivu, urefu wa mita tatu hadi tano, vimesongamana kama watu kwenye mnada. Abiria wote watakuwa wamelala. Wewe usilale. Uoto huo wataalamu wa mimea duniani wanauita kwa jina la Itigi, na haupatikani popote pengine isipokuwa huku na sehemu moja ya Zambia, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru Wantipa. Misitu ya milimani duniani ni mingi. Itigi ni moja.

Ingia ndani mwezi wa Oktoba uone. Hakuna jani. Unatembea umeinama kama unayetafuta sindano. Kofia inabaki juu ya kijiti cha kwanza, miwani juu ya cha pili, na kijiti cha tatu kinakuuliza jina. Hatua kumi ndani huioni tena barabara. Ardhi ni mchanga mwepesi juu, lakini ukichimba kidogo jembe linagonga kitu kama sakafu ya benki. Wanajiolojia waliupa mwamba huo mgumu wa eneo letu jina la saruji ya Kilimatinde. Mizizi ya hivi vijiti inaishi kati ya jua na saruji, miezi sita bila tone. Mvua za kwanza zikinyesha, siku chache tu zinatosha: kijivu chote kinageuka kijani, maua yanafunguka, na nyuki wanasikika kabla hujawaona.

Utaambiwa vichaka hivi havina historia. Si kweli. Katika miaka ya ukoloni, B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara ya utafiti wa mbung'o kule Shinyanga, alizunguka mapori haya akiyachambua, kwa kuwa serikali ilitaka kujua mbung'o anajificha kwenye uoto gani ili uoto huo ufyekwe. Mwezi Juni 1938 ndege aliyopanda pamoja na mkuu wake, Charles Swynnerton, ilianguka Singida, wote wawili wakafa. Leo mmoja wa miti inayoongoza kwenye kichaka cha Itigi unaitwa *Baphia burttii*. Mtu aliyekuja kusaidia kujua pa kufyeka ameachiwa jina na kile ambacho hakijafyekwa.

Kufyekwa kwenyewe kunaendelea: mtama, alizeti, mkaa, na siku hizi mashamba makubwa ya pamoja ya korosho. Hakuna anayelia, kwa sababu kilichoondoka ni kichaka tu. Mkulima anayefyeka hana roho mbaya. Anafanya kile ambacho Kiswahili kimemfundisha tangu utotoni: kusafisha pori.

Hatua ya tano: asali, na jinsi ya kutokuwa mjinga

Sasa utaona kando ya barabara chupa za maji zilizojazwa kitu cha rangi ya chai. Singida inasifika kwa asali, na utataka kubeba nyumbani. Usijifanye mjuzi kwa kuchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha ili kuona kama asali ni halisi. Sukari nayo inajua kuwaka. Nunua kwa mtu ambaye jirani zake wanamfahamu, na ulipe bei aliyokutajia. Ukipunguziwa sana, umenunua sharubati. Ile ya nyuki wadogo wasiouma ni ghali na chachu kidogo, watu huitunza kama dawa. Usiipake mkate mbele ya mama mwenye nyumba.

Uliza pia imerinwaje. Mzinga wa gome huvuliwa kwenye mti uliosimama, na mti uliovuliwa gome kuzunguka shina hufa. Mrinaji wa haraka hutumia mwenge wa moto, na cheche moja mwezi wa Septemba huchoma alichokula na atakachokula mwakani. Mwenye mizinga ya mbao na bomba la moshi hana sababu ya kuchoma, tena ndiye mlinzi wa kichaka asiyelipwa na mtu: ukifyeka maua yake, atakuwa wa kwanza kukufuata. Wilaya ya Manyoni ina hata hifadhi iliyotengwa kwa ajili ya nyuki, Aghondi. Na alizeti inayofanya Singida ijulikane kwa mafuta inahitaji wachavushaji. Nyuki wanaolala kichakani ndio wanaokwenda kibarua shambani. Mkulima akilijua hilo, huna haja ya kumpa fulana yenye maandishi.

Hatua ya sita: utapelekwa kwenye mkutano

Hili haliepukiki. Utapewa kiti cha plastiki chini ya mti, karibu na mwenyekiti wa kijiji na mtendaji. Wazee waamkie shikamoo mmoja mmoja. Usiwaamkie kwa jumla kama darasa. Kisha utasimama useme yaliyomo kwenye makaratasi: wadau, uwezeshaji, jamii husika, mnyororo wa thamani. Watu watakusikiliza kwa adabu kubwa. Akina mama watakuwa wanachambua mboga. Ukimaliza, mzee mmoja atanyoosha fimbo.

"Mwanangu, umesema vizuri sana. Naomba unisaidie neno moja tu. Hao wadau ni akina nani?"

Utajibu kuwa wadau ni wao.

"Aa. Basi kumbe sisi ndio wenye mali. Mbona ulipoanza ulisema umekuja kutushirikisha?"

Watu watacheka, nawe cheka. Usimjibu. Ameshapita huko kabla yako.

Maana Singida ilikwisha fundisha somo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya Mgori, msitu wa miombo wa takriban hekta 44,000 kaskazini mashariki ya mji, kuwa msitu wa hifadhi wa serikali. Kwa wenyeji maana yake ilikuwa moja: unachukuliwa. Watu wakaanza kukata na kulima haraka kabla mipaka haijafungwa, kama mtu anayekula chakula chake chote baada ya kusikia wageni wako njiani. Katikati ya muongo huo mpango ukageuzwa. Vijiji vitano, Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga, vikagawana msitu. Kila kimoja kikachora mpaka wake, kikatunga sheria ndogo, kikaweka faini, na vijana wake wakaanza doria. Yule aliyekuwa anakata usiku akajikuta analinda usiku, na anajua njia zote. Jirani zetu wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, walikuwa wametangulia kidogo kwa njia hiyohiyo. Kutokana na mifano kama hii, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaweka wazi kwamba kijiji kinaweza kumiliki na kusimamia msitu wake.

Usidhani basi mambo yalikwisha. Msitu wa kijiji una wezi wa kijiji, na pia viongozi wa kijiji wanaopokea simu kutoka mjini usiku. Gunia la mkaa la rumbesa halina itikadi. Lakini mwizi wa Mgori hakukimbizwa na mgeni aliyevaa kofia. Alitajwa kwa jina kwenye mkutano, mbele ya mama mkwe wake. Adhabu hiyo hakuna wizara inayoweza kuitoa.

Vitu vya kubeba

Acha: koti la mvua, miche ya mikaratusi, neno "wadau", na zile picha za mbega.

Beba: kofia ya bei ndogo, kwa kuwa kichaka kitaichukua, maji, daftari la kuandika majina ya mimea kwa Kinyaturu, Kinyiramba, Kigogo na Kitaturu, kabla wanaoyajua hawajaondoka nayo, na subira ya kukaa kwenye mkutano usiokuwa na posho.

Wahenga walitukataza kuacha mbachao kwa msala upitao. Sisi wenyewe wa Singida tumewahi kuona haya kwa kukosa msitu wa ukungu wa kumwonyesha mgeni, huku tukifyeka kichaka ambacho dunia nzima haina kingine mfano wake ila Zambia. Kwa hiyo mwongozo huu, kusema kweli, hatukukuandikia wewe peke yako.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Kama wa safari hii umekupita, ulizia ujao kwa mtendaji. Na uje na kiti chako, maana vya plastiki havitoshi.